Mrisho, Nimenyoosha Ulivyovipinda

Rafiki yangu Mrisho,

Mwakeye. Najua ungeniitikia vibaya kwa makusudi, kwa ulimi wako wa Ujiji, halafu ungecheka peke yako. Miaka kumi na saba nimekusalimu kwa Kiha, na miaka kumi na saba hukutaka kujifunza kuitikia.

Ninakuandikia kwenye kurasa za nyuma za daftari la mwanangu. Mwandiko wangu unaujua, utavumilia. Nikuambie moja kwa moja ili moyo upumue: sanduku lako nilipewa mimi, nikaliharibu, na kwa ajili yake nikamdanganya mwalimu. Yote hayo niliyafanya kwa wivu. Sikuwa na jina la kitu hicho mwanzoni. Nilidhani ni majonzi.

Siku ya arobaini yako, baada ya kisomo, watu walipokuwa wananawa mikono, mkeo Mama Tatu aliniita ndani. Kanzu zako zilikwenda kwa kaka yako wa Kasulu. Redio alichukua binti yenu Tatu. Halafu Mama Tatu akavuta lile sanduku la mbao lenye bawaba za ngozi ya kiatu, akasema, "Shemeji, hili ni lako. Mlikuwa nalo wote ziwani, nani mwingine nimpe?" Nililifunika kwa koti langu nikatoka nalo uani, kwa sababu sikutaka watu waone ninavyolikumbatia.

Na hapo uani alikuwa amekaa Mwalimu Ambakisye.

Unajua jinsi nilivyokuwa namwona, ingawa sikuwahi kukuambia. Kijana wa watu, mtu wa Tukuyu, serikali imemleta Kigoma kufundisha sekondari, amepanga Buzebazeba, hajui hata kukaa vizuri kwenye boti. Alipoanza kuja nasi Jumamosi nilisema sawa, ni mgeni, anapunga upepo. Lakini baadaye nikawa napita kwako Jumapili mchana baada ya misa, namkuta barazani, mmeinamiana nyote wawili juu ya kitu kidogo, mnachonga. Mlikuwa mnanikaribisha vizuri tu. Chai napewa. Lakini mazungumzo yalikuwa yanakatika nikifika, au niliona hivyo mimi. Nilikuwa nakunywa chai haraka ninaondoka.

Siku tuliyokuzika alilia kwa sauti. Mimi sikulia, nilikuwa nimebeba jeneza upande wa kushoto mbele na nilikuwa nafikiria nisijikwae. Tulipotoka makaburini watu wakawa wanampa pole yeye. Wananipita mimi Nestori niliyevua na wewe tangu Tatu hajazaliwa, wanakwenda kumshika mkono mwalimu aliyekujua miaka miwili tu. Nilisema moyoni, lia basi, lia zaidi.

Kwa hiyo siku ya arobaini aliposimama kwa adabu zake akasema, "Shikamoo mzee Nesto," niliitikia nikitazama pembeni. Akasema, "Mzee, sijui sanduku la marehemu limekwenda kwa nani. Sitaki mengi. Ningeomba kile kisamaki cha kijani tu, kiwe kumbukumbu. Tulikichonga wote."

Tulikichonga wote. Mrisho, mimi na wewe hata kimoja hatukuchonga wote.

Nikamwambia, "Limekwenda Kasulu, amelichukua kaka yake." Na sanduku lilikuwa miguuni pangu, chini ya koti. Alisema, "Basi, Mungu ampe kheri nalo." Akaondoka. Hakushuku chochote.

Nilipolifikisha nyumbani nililitia chini ya kitanda. Jumapili nikalifungua. Nilihesabu visamaki vyako vya mbao, vile vya kunasia samaki wetu kuhe: thelathini na viwili. Vingine nilivijua kwa sura, kama kile chekundu ambacho rangi yake nilikununulia mimi. Unakumbuka? Ulitaka rangi ya kucha kwa sababu haibanduki majini, na uliona haya kuingia dukani kuiulizia. Ukanituma mimi. Dafroza akaikuta chupa mfukoni mwa suruali yangu. Siku mbili mke wangu hakunisemesha, ananiwekea ugali mezani kama anayemwekea mpangaji. Ulipokuja kunitetea ulicheka sana hata ukashindwa kusema, na Dafroza akazidi kuamini kwamba tuna jambo. Mpaka leo akiona kucha nyekundu anasema, "Huyo naye anavua kuhe?"

Nilivitazama vile visamaki nikaona vimechakaa. Rangi imemomonyoka, mbavu zimejaa alama za meno, ndoana zina kutu. Nikasema watu wasije kusema Nestori amepewa vitu vya rafiki yake akavitupa. Nikaviosha vyote kwa sabuni ya unga. Nikavipiga msasa, nikavipaka upya. Ndoana zako ndogo nikaziondoa, nikaweka mpya, kubwa, zinazong'aa. Na nikaona kwamba kile kipete cha waya kilichopo puani, pale mshipi unapofungwa, kimepinda karibu katika kila kisamaki. Kingine kimelala kulia, kingine kushoto. Nikasema maskini Mrisho, kumbe ugonjwa ulikuwa umemlegeza kabla hatujajua, ameacha vitu vyake vipinde hivi. Nikachukua koleo. Nikavinyoosha vyote, kimoja kimoja, vikasimama katikati kabisa.

Nilipomaliza nilivipanga mkekani, nikalia. Ndiyo siku niliyokulilia. Kwa jinsi vilivyopendeza.

Sasa sikia kilichofuata.

Nilikwenda ziwani peke yangu, kwa ile njia yetu ya kando ya miamba, kutoka Katonga kuelekea Bangwe. Nikaachia mishipi miwili nyuma, kila mmoja na kisamaki chake, nikaiweka mashine ya boti kwenye mwendo wetu uleule, ule ambao ulikuwa unasema, "Hapo hapo Nesto, usiguse." Hatukufika mbali. Mishipi ilikuwa imesokotana yote miwili kama nywele za mtoto anayesukwa. Nilisimamisha mashine, nikafungua mafundo hadi jua likanichoma shingo. Nikaachia tena. Ikasokotana tena.

Nikasema ni mshipi, umezeeka. Nikanunua mpya, mwembamba zaidi. Ikawa vilevile. Nikasema ni vile vipete vinavyozunguka ulivyokuwa unaviunga katikati ya mshipi ili usijisokote, pengine vimekaza kwa kutu. Nikabadilisha. Hapo kusokotana kukapungua kidogo, lakini samaki hakuna. Nikaongeza risasi ili vizame zaidi. Nikapunguza risasi. Nikaenda taratibu, nikaenda haraka. Nikakumbuka kwamba wewe ulikuwa hushiki mshipi kabla hujanawa, na mimi mikono yangu inanuka petroli maisha yote. Nikanawa kwa sabuni, nikasugua kwa mchanga, mwishowe nikajipaka utumbo wa samaki hadi viwiko. Dafroza akasema, "Leo utalala na hao hao."

Wiki saba, Mrisho. Nilipata kuhe mmoja mdogo, na huyo alinaswa ubavuni, nadhani alikuwa anapita tu na shughuli zake. Wale akina mama wa Katonga wanaonunua samaki wetu wakaanza: "Nesto, leo umetuletea maji ya aina gani?" Mwingine anasema, "Mwacheni, anawafundisha samaki kuogelea, wakihitimu atawaleta." Nilikuwa nacheka nao. Nikifika nyumbani silali.

Na jambo lililoniuma si samaki. Ni kwamba nilijua ni nani anayejua. Ningeweza kwenda Buzebazeba, ni mwendo wa miguu tu. Lakini ningemuulizaje mtu kuhusu sanduku lililo Kasulu?

Siku moja alasiri niko ufukweni Katonga, nimekaa kwenye ukingo wa boti, mishipi imejaa mapajani, nafungua mafundo. Kile cha kijani kilikuwa kimening'inia kwenye goti langu. Nikasikia, "Shikamoo mzee." Alikuwa amekuja kununua samaki, ana kikapu.

Aliona. Niliona anaona. Macho yake yalikwenda kwenye kile kisamaki yakabaki hapo. Akauliza polepole, wala si kwa ubaya, "Kimerudi lini kutoka Kasulu?"

Mmoja wa wale akina mama akasema, "Kwani Kasulu kuna ziwa siku hizi?" Wakaangua kicheko wote.

Nilitamani mchanga unifunike. Nikasema, "Hakikwenda, mwalimu. Nilikudanganya." Maneno hayo niliyasema mbele ya wale wanawake wote. Sijui yalitoka wapi. Nilimnyooshea kile cha kijani achukue aende zake.

Alikipokea, akakigeuza mkononi, akakitazama puani. Akaacha kunitazama mimi kabisa. Akauliza, "Nani amenyoosha hiki?"

"Mimi."

"Kuna vingine?"

"Vyote."

Aliweka kikapu chini, akakaa karibu yangu kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. "Mzee Nesto," akasema, "hivi alivipinda kwa makusudi."

Akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini, akakivuta kwa mkono kwenye maji maangavu ili nione. Kikajilaza ubavu, kikaanza kujizungusha kama jani. Akaniambia ulivyomwambia wewe: mbao inachongwa kwa mkono, upande mmoja lazima uzidi mwingine kidogo, basi kisamaki huvutwa upande huo. Kikikimbilia kulia, unapinda kipete kushoto, kidogo tu, kama unene wa ukucha. Na ndoana kubwa zinaufanya mkia uwe mzito, hauwezi kutikisika. Akaomba koleo. Akazing'oa zile ndoana zangu nzuri, akaweka ndogo. Akapinda. Akavuta tena. Bado. Akapinda tena kidogo. Na mara kikaanza kuogelea, Mrisho, kikawa kinatikisa mkia kama kinakataa jambo.

"Ee! Kimefufuka!" akasema yule mama wa Kasulu-kuna-ziwa. Halafu akanitazama, akaziba mdomo.

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Wivu wote niliokuwa nao tangu baraza lako ulinirudia. Mikono yake ilikuwa inafanya kama mikono yako. Hata ile tabia yako ya kutoa ulimi kidogo unapopinda waya, anayo. Nikamuuliza, "Alikufundisha lini haya?"

Akasema, "Nilimuuliza tu, mzee."

Nilimuuliza tu! Na mimi je? Mimi pia niliwahi kukuuliza, ile mara mshipi ulipokukata kidole nikataka kukusaidia. Ukasema, "Wewe tazama mashine yako, Nesto. Huku niachie." Nilidhani unaniheshimu. Nilidhani kila mtu ana kazi yake, na sikuuliza tena. Usiku ule, mwalimu alipokwisha kwenda, nilikukasirikia. Nisamehe, nilikuambia maneno mabaya nikiwa kitandani, hadi Dafroza akauliza nagombana na nani.

Kile cha kijani alikataa kukichukua. Alisema kikae na wenzake. Ila akaomba ruhusa aje jioni baada ya shule tuvirekebishe. Ukiacha kile cha kijani, alikuwa anakumbuka vya kwako saba tu, upande upi kila kimoja kilipinda. Vingine ishirini na vinne tulivijaribu kimoja kimoja majini, siku hadi siku. Sikuwa nasema mengi. Yeye anavuta, mimi natazama, nasema "kulia", "kushoto", halafu koleo analishika yeye. Ilichukua siku tano hivi kabla sijasema, "Nipe nipinde mimi." Nilikikata kipete cha kwanza. Cha pili nikakipinda sana, kisamaki kikaruka nje ya maji kama chura. Cha tatu kiliogelea. Mwalimu alipiga makofi kama vile mimi ni mwanafunzi wake wa mwisho darasani. Nilinuna, lakini nilifurahi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda ziwani pamoja.

Nikuambie ukweli: mashine nilimpa yeye si kwa wema. Ni kwamba nisingeweza kumwona amekaa kwenye ubao wako wa katikati. Nikasema afadhali nikae mimi pale, yeye ahangaike nyuma. Nikakaa kama ulivyokuwa unakaa, nimegeukia nyuma, mshipi mmoja kila mkono. Na ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Mtu wa mashine anatazama mbele, juu ya kichwa cha mwenzake, anatafuta miamba. Ndiyo maana mikono yako sikuiona. Lakini mtu wa mishipi anatazama nyuma, na nyuma kuna nini? Kuna mishipi, kuna povu la mashine, na katikati yake kuna uso wa mtu anayeendesha. Huwezi kuukwepa. Nilimtazama mwalimu anavyouma meno akiogopa mawimbi, nikajua kwamba mimi ulinitazama hivyo miaka kumi na saba.

Alikuwa anaendesha vibaya. Boti inakwenda kama mlevi. Nikapiga kelele, "Punguza, mwalimu! Hatukimbizwi!" Akapunguza ghafla, akakata kona, mshipi wa ndani ukalegea, kisamaki kikazama, na hapo hapo mkono wangu wa kushoto ukavutwa karibu nitoke kwenye ubao. Kuhe, Mrisho. Mkubwa, mwenye tumbo la njano kama ufuta uliokaangwa. Na alikuwa amekamata kile cha kijani. Kwa roho yangu mbaya, hata katika furaha ile, nilitamani angekamata kile chekundu.

Mwalimu alizima mashine. Tulikaa tunapumua, samaki anapigapiga chini ya miguu yetu. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mzee Nesto, kuna jambo aliniambia nisikwambie. Nimelibeba, linanilemea."

Nikasema, "Sema."

Akasema, "Siku moja nilimuuliza, mzee, mbona haya humfundishi Nesto? Akamaliza kwanza kufunga fundo. Akasema, 'Nesto mashine anaijua. Akijua na hili, atanihitaji kwa lipi?'"

Mrisho.

Ewe mtu mjinga. Nilisema hivyo kwa sauti pale ziwani, mwalimu akashtuka. Ningeenda wapi? Na boti gani? Nikae na nani asubuhi yote, nisikilize uongo wa nani kuhusu samaki aliyekimbia? Uliogopa nitakuacha, nami nilikuwa barazani kwako nakunywa chai ya moto kwa haraka, naogopa umeniacha. Ungesema. Ningesema. Hata siku moja, hata kwa utani.

Nililia mbele ya mwalimu, na yeye akawa anatazama Bangwe ili nimalize.

Yule kuhe tulimpeleka kwa Mama Tatu, mzima. Nilimweleza habari ya uongo wangu, kwa sababu ni yeye aliyenipa sanduku. Alitikisa kichwa akasema, "Wanaume wawili wazima na visamaki vya mbao." Sijui alikuwa anamsema mwalimu na mimi, au wewe na mimi. Mchuzi wake tulikula wote.

Usidhani nimepona. Juzi mwalimu alisema, "Mzee Mrisho alipenda kunieleza kwamba..." na sikusikia kilichofuata, nilikuwa nimeshikwa na wivu tena. Ana masaa yako ambayo mimi sina. Nitaishi nalo. Lakini nakuahidi hili: mashine nitamfundisha yote. Jinsi ya kuisikiliza ikikohoa, jinsi ya kukata kona karibu na miamba, jinsi ya kujua maji yanapobadilika rangi. Sitamficha hata kimoja ili abaki. Akitaka kubaki, atabaki.

Pumzika, ndugu yangu. Mola akupe nafasi huko. Na ikitokea siku moja tukafika mimi na yeye kwa pamoja, usinifanyie vibaya. Nisalimie mimi kwanza.

Ni mimi, mtu wako wa mashine,
Nestori